Embe, Kamba na Piko: Namna Mwili Unavyochanganya Vitu Visivyofanana

Kaskazi ikishatulia na maembe yakajaa Darajani, karibu kila nyumba ya Unguja huwa na mtu anayejitenga na sinia akisema, "Miye nina aleji." Nyumbani kwetu walikuwa wanne, ukimhesabu na jirani aliyekuwa kama wa ndani. Shangazi alikuwa akila embe boribo leo, kesho kutwa midomo inamfura na kutoa malengelenge madogo madogo pembezoni mwa mdomo. Mdogo wangu alilalamika kwamba nanasi linamchoma ulimi. Mjomba, aliyeishi Denmark miaka mingi, alirudi na kisa ambacho hakuna aliyekiamini: huko ugenini tufaha bichi lilikuwa likimwasha kaakaa na koo papo hapo, lakini tufaha lililopikwa halikumfanya kitu, na aliporudi nyumbani fenesi, tunda alilolila tangu utoto, nalo likaanza kumwasha vivyo hivyo. Jirani yetu yeye akila kamba, hata mmoja aliyejificha ndani ya pilau, huvimba macho na kujaa mabaka mwili mzima kabla hajanawa mikono.

Wote wanne walitumia neno moja, na wote walipewa nasaha moja, kwamba damu imechafuka na wanywe sanamaki. Ukweli ni kwamba mmoja wao hakuwa na mzio hata kidogo, na watatu waliobaki walikuwa na mizio mitatu ambayo mwendo wake, hatari yake na tiba yake havifanani. Mkanganyiko huu ndio ninaotaka kuufumua hapa, kwa sababu anayejua aina ya mzio wake huacha kitu kimoja au viwili tu, na asiyejua huishia ama kujinyima nusu ya soko au kupuuza jambo linaloweza kumuua.

Tuanze na neno lenyewe. Mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani, ni hali ya kinga ya mwili kukishambulia kitu ambacho chenyewe hakina madhara, mfano tunda, vumbi au mpira wa glavu. Neno hilo la aleji lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kutenda kwa namna tofauti, na maana hiyo bado inafaa: watu wawili hula chakula kimoja, mwili wa mmoja ukakipokea kama riziki na wa mwengine ukakipokea kama adui. Kitu kinachoamsha shambulio hilo huitwa kizio, na mara nyingi kizio si tunda zima wala samaki mzima, bali ni protini moja au kemikali moja iliyomo ndani yake.

Shambulio hupita njia mbili, na msomaji akizishika hizi mbili sehemu kubwa ya makala haya itakuwa nyepesi. Njia ya kwanza ni ya haraka. Mwili hutengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, zilizogunduliwa katika miaka ya 1960 na Kimishige na Teruko Ishizaka wakiwa Marekani, na kwa wakati huohuo na watafiti wa Sweden. Kingamwili hizi hukaa juu ya seli maalumu zilizotapakaa chini ya ngozi na katika utando wa kinywa, pua na utumbo, zikisubiri. Kizio kikifika, seli hizo humwaga histamini, na ndani ya dakika chache huja muwasho, uvimbe na mabaka yaliyofura. Njia ya pili ni ya polepole. Haina IgE, bali huendeshwa na askari wengine wa damu waitwao seli T, ambao huchukua siku moja hadi tatu kujikusanya mahali kizio kilipogusa ngozi, na matokeo yake ni wekundu, ukavu, malengelenge na ngozi kubanduka. Ngozi yetu nyeusi haioneshi wekundu waziwazi, hivyo kwetu dalili hiyo huonekana kama weusi ulioiva au rangi ya zambarau, na baada ya kupona huacha doa linaloweza kukaa miezi.

Pindo la kanga

Swali ambalo watu huuliza zaidi ni vipi mtu awe na mzio wa vitu viwili visivyo na undugu. Tufaha na fenesi wapi na wapi? Kamba na mende?

Fikiria askari aliyeambiwa amzuie mwanamke aliyevaa kanga ya pindo fulani. Askari huyu hajui kusoma. Haangalii jina lililoandikwa kwenye kanga, haangalii sura ya aliyeivaa, anaangalia pindo tu. Basi kila mwenye kanga ya pindo hilo, awe bibi wa Makunduchi au bi harusi wa Wete, atazuiwa mlangoni. Kinga ya mwili ndivyo inavyofanya kazi. Haijui kwamba hili ni tunda na lile ni chavua, yaani ile unga ya maua inayopeperushwa na upepo. Hutambua umbo la kipande kidogo cha protini, na protini za viumbe vilivyo mbalimbali kabisa huweza kuwa na pindo moja. Hali hii wataalamu huiita mzio mtambuka: mwili umefundishwa kukichukia kitu cha kwanza, ukamkamata na wa pili kwa kufanana naye.

Hapo ndipo kisa cha mjomba kinapofunguka. Ulaya ya kaskazini ina mti uitwao mbetula, ambao kila majira ya machipuko humwaga chavua nyingi hewani, na watu wengi huko hupata mafua na macho kuwasha kwa sababu yake. Protini kuu ya chavua hiyo ina ndugu zake katika tufaha, pichi, cheri, karoti mbichi, na pia katika fenesi. Mjomba aliivuta chavua miaka kadhaa, mwili wake ukajifunza kuichukia, na siku alipouma tufaha askari wake wakaliona pindo walilolizoea. Hali hiyo ndiyo huitwa ugonjwa wa mzio wa kinywa: muwasho wa midomo, ulimi, kaakaa na koo unaoanza dakika chache baada ya kula tunda bichi, pengine na uvimbe mdogo wa midomo, na ambao kwa walio wengi huisha wenyewe ndani ya saa moja. Fenesi halikubadilika, mjomba ndiye aliyerudi na mwili uliofundishwa na mti ambao hata hapa haumei.

Mbona tufaha lililopikwa halikumdhuru? Kwa sababu protini za kundi hili ni kanga inayochuja. Moto huzifumua umbo, na asidi ya tumbo nayo huzifumua, hivyo muwasho huishia kinywani na mara chache tu hushuka zaidi. Lakini kuna jambo hapa ambalo hata baadhi ya waganga hulipita. Zile seli T za njia ya polepole hazihitaji pindo zima. Hutambua hata kitambaa kilichochanwa vipande. Kwa hiyo mtu mwenye pumu ya ngozi na mzio wa mbetula anaweza kula tufaha lililopikwa bila ya kuwashwa kinywa hata kidogo, kisha kesho yake pumu ya ngozi ikafumka viwikoni na nyuma ya magoti, asijue pa kuitafuta sababu. Kinywa kimenyamaza, ngozi ndiyo iliyosema.

Kwa tuliobaki visiwani mbetula si shughuli yetu, ila nyasi tunazo, na chavua za nyasi zina protini iitwayo profilini ambayo imo karibu katika kila mmea. Mtu aliyezoea kupiga chafya kwenye majani marefu anaweza kuona tikiti, ndizi, nyanya mbichi au chungwa vikimwasha midomo kwa sababu hiyohiyo. Na wanaomenya na kukatakata matunda na mboga mbichi kutwa nzima, jikoni mwa hoteli au kwenye meza ya juisi, hupata sura nyengine ya mambo haya, kwani vidole huwasha na kutoa mabaka pale majimaji ya tunda yanapoingia katika ngozi iliyochubuka, ingawa wakila tunda lenyewe huenda wasiwashwe sana.

Muwasho usio mzio

Sasa mdogo wangu na nanasi lake. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho kazi yake ni kuyeyusha protini, na ulimi ni nyama. Kila mpishi wa mishikaki anaijua siri hii kwa upande wa papai, kwa kuwa hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu ili ilainike. Nanasi hufanya hivyohivyo, isipokuwa nyama linayoilainisha ni yako. Ndiyo maana linamchoma kila anayekula vipande vingi, linawachoma zaidi wenye vidonda vya kinywa, na likipikwa haliumi. Huo si mzio, na hakuna sababu ya mtu kuliacha kwa hofu. Mzio wa kweli wa nanasi upo, ila ni nadra, na dalili zake huvuka kinywa.

Majimbi yanayowasha koo yasipoiva vizuri nayo ni kesi hiyohiyo ya kusingizia. Ndani yake mna chembe za oksaleti zilizochongoka kama sindano, ambazo huchoma utando wa kinywa cha yeyote, awe na mzio au asiwe nao.

Kesi ya tatu ya kusingizia ndiyo nzito, na nadhani inastahili kutangazwa zaidi kuliko inavyotangazwa. Jodari, sehewa, kibua na ndugu zao wana asidi ya amino iitwayo histidini kwa wingi. Samaki hao wakikaa juani bila ya barafu, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, ileile inayomwagwa na mwili wakati wa mzio. Anayemla hupata uso kuiva, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na mabaka mwilini ndani ya dakika chache hadi saa moja, na wengine husema samaki alikuwa na ukali kama wa pilipili. Kuchemsha hakusaidii, kukaanga hakusaidii, kwa sababu histamini haiharibiwi na moto wa jikoni. Dalili ya kuitambua ni kwamba walioila sahani ile huumwa wengi kwa pamoja, na wiki ijayo mtu huyohuyo atakula jodari mbichi wa asubuhi asipate kitu. Mtu wa namna hii akiambiwa ana mzio wa samaki na kuacha samaki maisha yake yote, amehukumiwa kwa kosa la barafu. Hata hivyo dalili zikiwa kali asikae nyumbani kupambanua, aende hospitali, kwa sababu kwa sura ya nje mambo hayo mawili hufanana.

Utomvu wa mwembe

Shangazi ndiye aliyenipa kazi zaidi, kwa vile ndiye aliyekuwa akisema kweli na hakuna aliyemsikiliza. Watu walimwambia, "Mbona umekula juzi na leo ndiyo unaumwa? Hilo silo embe." Lakini kuchelewa kule ndiko hasa kunakoonesha kwamba ni embe.

Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, ambao wengi wetu huuita mkanju. Ukoo huu una kemikali za mafuta zinazokaa katika utomvu na maganda. Katika embe ziko kwenye ganda na hasa katika ule utomvu unaoruka kikonyo kinapovunjwa, na nyama ya ndani haina nyingi. Katika korosho ziko kwenye ganda la nje, na kila aliyewahi akiwa mtoto kuchoma korosho kwenye kipande cha bati anayakumbuka mafuta yale meusi yanayoruka na kubabua ngozi. Marekani ya Kaskazini kuna mmea wa porini wa ukoo huohuo ambao watu wake huuogopa sana, kwa kuwa ukiugusa tu ngozi hutoa malengelenge. Mzanzibari anayekwenda kuishi huko na ambaye embe humtoa vipele ajue kwamba mmea ule na embe vina pindo la aina moja.

Utomvu huu una madhara mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kuunguza moja kwa moja, jambo linaloweza kumpata yeyote aliyekwea mwembe na kudondokewa na utomvu mbichi. La pili ni mzio wa njia ya polepole. Mwili huugusa utomvu mara ya kwanza, au ya hamsini, ukajifundisha kimyakimya, na mara inayofuata seli T huamka. Siku moja au mbili baada ya mtu kuuma embe na ganda lake, kama tunavyopenda kufanya na embe dodo changa kwa chumvi na pilipili, midomo hufura, pembe za mdomo hupasuka, malengelenge huota kuzunguka kinywa na pengine kwenye vidole na kope, maana mikono huenda kila mahali. Vidonge vya mzio vya kawaida havisaidii sana hapa, kwa sababu vinapigana na histamini na katika njia hii histamini siyo mchezaji mkuu. Kinachosaidia ni kunawa kwa sabuni mapema, kuiacha ngozi bila ya kuichokoa, na mara nyengine krimu ya steroidi kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari. Nasema kwa muda mfupi na kwa maelekezo kwa sababu baadhi ya krimu hizo huuzwa holela kama za kung'arisha uso, na huichuna ngozi ikawa nyembamba.

Habari njema kwa watu kama shangazi ni kwamba wengi wao wanaweza kula embe. Limenywe na mtu mwengine, lioshwe, sehemu ya karibu na kikonyo ikatwe kwa unene, kisha liletwe likiwa vipande katika bakuli. Shangazi alilikuta jambo hili uzeeni, baada ya miaka thelathini hivi ya kutazama sinia kwa mbali.

Na hapa niseme neno juu ya ndimu, kwa kuwa ni dawa ya kwanza ya mtaani kwa kila muwasho. Maji ya ndimu yakipakwa kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, kemikali zilizomo ndani ya ndimu huungana na mwanga wa jua zikaunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi kwa wiki au miezi. Nimewaona watu wakimlaumu embe kwa doa lililopigwa na ndimu.

Kamba, mende na ile hadithi ya madini

Jirani wa kamba ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Protini inayohusika zaidi katika mzio wa kamba huitwa tropomiosini, na iko katika misuli. Hii ni kanga isiyochuja: chemsha, kaanga, kausha juani, pindo libaki lilelile. Ndiyo maana kamba mkavu aliyesagwa ndani ya mchuzi humdhuru aliyekuwa akidhurika na kamba mbichi, na wengine hujaa mabaka au kubanwa kifua kwa mvuke wa chungu tu.

Tropomiosini ya kamba inafanana sana na ya kaa na kamba kochi, kwa hiyo anayedhurika na mmoja huwa hatarini kwa wote. Inafanana pia na ya mende na ya utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi katika magodoro na mito na kupenda hewa yenye unyevu kama yetu. Kwa hiyo mtu huweza kuanza na mafua ya asubuhi na pumu kwa sababu ya vumbi la godoro, na baadaye kamba wakamkataa, bila ya yeye kuunganisha chumba cha kulala na sahani. Pweza na ngisi nao wana tropomiosini, lakini yao imeachana na ya kamba kiasi fulani. Wengine wenye mzio wa kamba hula pweza salama, wengine hawawezi, na hilo hupimwa kwa mtu mmoja mmoja chini ya daktari, si kwa kujaribu peke yako Forodhani usiku.

Samaki wa mapezi ni jambo jengine kabisa. Kizio chao kikuu huitwa paravalbumini, ambayo haina pindo la tropomiosini, na kwa hiyo kumwambia mwenye mzio wa kamba aache changu na nguru ni kumwonea. Vivyo hivyo si kweli kwamba tatizo ni madini ya joto, yaani iodini, yaliyomo katika vitu vya baharini, wala kwamba mtu huyo aogope chumvi yenye madini hayo au dawa za hospitali zenye iodini kwa sababu ya kamba. Iodini inahitajiwa na kila mwili, na tezi ya shingoni haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Mwenye mzio wa kamba ana ugomvi na protini ya misuli tu.

Mzio mtambuka mwengine unaowagusa watu wa hapa bila ya wao kujua ni wa mpira wa asili. Visiwa vyetu vina mashamba ya mipira, na bidhaa zake tunazishika katika glavu, mapulizo ya sherehe na kondomu. Baadhi ya protini za utomvu wa mpira zina pindo moja na protini zilizomo katika ndizi, parachichi, papai na matunda mengine kadhaa. Muuguzi ambaye mikono yake inatoa mabaka kila avaapo glavu za mpira, kisha akaanza kuwashwa kinywa akila parachichi, asiyachukue mambo hayo kuwa mawili. Amwambie daktari yote kwa pamoja, hasa kabla ya upasuaji au kujifungua, ili glavu zitakazotumika ziwe za malighafi nyengine.

Maua ya bi harusi

Binti mmoja wa ukoo wetu aliolewa mikono ikiwa imechorwa maua meusi yaliyopendeza sana. Siku ya nne baada ya harusi kila ua likawa limeinuka juu ya ngozi kwa malengelenge, jani kwa jani, kana kwamba mchoraji amerudi usiku akachora upya kwa moto. Wakasema hina ilikuwa mbovu.

Hina haikuwa na kosa. Majani ya mhina yaliyosagwa hutoa rangi ya chungwa iliyokoza hadi hudhurungi, huhitaji saa kadhaa kushika, na ni nadra kumletea mtu mzio. Rangi nyeusi tititi inayoshika upesi ni ya piko, na ndani ya piko mna kemikali iitwayo PPD, ileile iliyomo katika dawa nyingi za kufanya nywele nyeusi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu isizidi asilimia 2 katika dawa ya nywele na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi kabisa. Kwenye maua yetu hakuna anayepima. Kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa na kinavyokaa muda mrefu juu ya ngozi, ndivyo mwili unavyopata nafasi zaidi ya kujifundisha kukichukia.

Hoja ninayoisikia kila mara ni, "Nimepaka tangu msichana na sikudhurika." Hoja hiyo haimlindi mtu, kwa sababu mzio wa njia ya polepole hujengwa kwa kuguswa mara kwa mara, na anaweza kuwa salama mara ishirini akaanguka ya ishirini na moja. Baya zaidi ni kwamba ukishajengwa hukaa, kwa kawaida maisha yote, na ni mtambuka. Binti yule akija kuota mvi na kupaka dawa ya nywele, anaweza kuvimba kichwa na macho yakafumba. Anaweza kudhurika pia na benzokaini, dawa ya ganzi iliyomo katika baadhi ya krimu, na rangi nzito za baadhi ya nguo na mpira mweusi. Ningekuwa na sauti katika mambo ya harusi, ningeomba hina ya hudhurungi irudishiwe heshima yake na piko libaki sandukuni, lakini najua ninashindana na picha za simu.

Karafuu nayo, kwa heshima zake zote, ina yujenoli, mafuta yanayoipa harufu, ambayo kwa watu wachache huleta mzio wa ngozi wa njia hiihii ya polepole. Mtu wa namna hiyo huweza kudhurika na marashi, na dawa ya jino yenye mafuta ya karafuu, na mara nyengine na mdalasini.

Vipimo, minyoo na saa ya hatari

Wengi huuliza kama hakuna kipimo cha damu kitakachomaliza ubishi. Kipo kinachopima IgE, ila kwetu kina mtego wake. Minyoo, pamoja na wale wa kichocho ambacho Unguja na Pemba tunakijua vyema, wana sukari na protini zinazofanana na za baadhi ya vyakula na za utitiri. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Ghana ulionesha kwamba wengi waliokuwa na IgE dhidi ya njugu nyasa walikula njugu bila ya tatizo, na kingamwili zao zilielekea kuhusiana na kichocho kuliko njugu. Yaani kipimo kiliona pindo, hakikumwona mtu. Kwa hiyo karatasi inayosema una mzio wa vyakula kumi na vinane haina maana bila ya historia yako: ulikula nini, kibichi au kilichopikwa, baada ya dakika ngapi au siku ngapi, wapi pamewasha, na waliokula nawe waliumwa au la. Njia ya polepole, ya embe na piko, haionekani katika kipimo hicho hata kidogo. Hiyo hupimwa kwa vibandiko vinavyowekwa mgongoni kwa siku mbili na kusomwa tena baadaye.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kipimo. Baada ya kula, au baada ya kuumwa na nyuki, mtu akianza kukorota, sauti ikakwaruza, kifua kikabana, akatapika mfululizo, akahisi kizunguzungu au kuzimia, hasa mabaka yakiwa yameshatanda, hiyo ni anafilaksia, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio havitoshi, maziwa hayatoshi, mkaa hautoshi. Alazwe chali na miguu iinuliwe, au akae ikiwa pumzi inambana, asisimamishwe wala kutembezwa hadi garini kwa miguu yake, na apelekwe hospitali hata kama ameanza kujisikia nafuu njiani, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Jirani yetu siku hizi kila anapoalikwa huuliza jikoni kabla ya kuuliza habari za mwenye nyumba, na wenyeji wake wameshazoea.